Bega la Kushoto la Mpagazi

Jumamosi, Novemba. Niboye, Kigali. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna.

Nami nimeamka hivyohivyo, mzito, nikisubiri kitu kianguke. Chai ya asubuhi ilipoa mezani nikaimwaga. Nilifagia chumba mara mbili. Nilipanga nyuzi kwa rangi, nikazivuruga, nikazipanga tena. Leo si Jumamosi ya umuganda, ile ya kazi za pamoja za mtaa, barabara zilikuwa wazi, sikuwa na kisingizio chochote cha kubaki nyumbani. Saa nane mchana nilitakiwa Sonatubes, ghorofani, kwenye ukumbi wa gemu, nimpachike Mpagazi silaha.

Sasa nimerudi. Magharibi bado haijaadhiniwa. Naandika kabla ya lolote, kwa sababu nikilala na jambo hili moyoni, kesho nitalisimulia kwa namna inayonipendeza mimi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani. Nina meza na mashine Muhima, nashona sare, makoti na kanzu za Idi. Mdogo wangu Idrisa alifariki mwezi wa tatu. Figo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mimi ndiye niliyemlea tangu mama yetu alipotutoka. Mpagazi alikuwa wake.

Mpagazi si mtu. Ni jitu la chuma kwenye gemu.

Najua jinsi inavyosikika. Mwanamke wa makamo, fundi, anakosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya jitu la kwenye skrini. Mwanzoni hata mimi nilimcheka Idrisa. Halafu Jumapili moja baada ya chakula aliniita: "Dada, njoo umpime huyu mteja. Kila akigeuka anayumba." Nikaketi karibu yake na kikombe changu. Nikaona mara moja kasoro iko wapi, kama unavyoona koti lililokatwa vibaya likipita barabarani. Tangu siku hiyo yeye akawa anaendesha, na mimi napachika. Miaka miwili, kila Jumapili.

Jitu lina sehemu sita za kupachika silaha: mikono miwili, mabega mawili, kifua na mgongo. Kila sehemu ina faida yake na aibu yake. Silaha ya mkononi inalenga popote, lakini mkono ukikatwa, silaha imekwenda nao. Ya begani inapiga juu ya ukuta, lakini adui akikukaribia sana haimwoni tena. Ya kifuani iko salama, ila inapiga mbele tu, kama mtu aliyelala vibaya shingo ikakakamaa. Ya mgongoni inakuelemea unapotaka kuruka. Na juu ya yote kuna uzito. Ukipakia upande mmoja, jitu linainama, na linalogeuka kwa kuchelewa linapigwa likiwa bado linageuka.

Mpagazi alipakiwa upande mmoja.

Mzinga mkubwa bega la kushoto. Bunduki ya risasi za haraka mkono wa kushoto. Kulia alikuwa na ngao peke yake. Aliinama kama mtu aliyebeba robota la nguo, na ndiyo sababu Idrisa akamwita hivyo. Babu wa babu yetu alifika nchi hii kutoka Ujiji na marobota ya vitambaa, na nyumbani tulisikia kwamba mpaka anazikwa bega lake moja lilikuwa chini kuliko jingine. Kiunoni Idrisa alimpaka mstari wa njano wenye tarakimu, kama tepu yangu ya kupimia. Ukumbi mzima ulimcheka Mpagazi. Kisha wakaanza kushindwa naye, wakapunguza kucheka.

Sababu ya kupakia kushoto sijawahi kuiandika hapa.

Idrisa alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tisa, nikijifunza kwa mashine ya mama. Nilimwambia anishikie pindo la shuka lisiteleze. Nikakanyaga pedali kabla hajatoa mkono. Sindano ilipita kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia, ikavunjikia ndani. Kilipona, lakini hakikukunjika tena. Padi ya gemu ina vitufe vya kulia vya kupigia silaha za kulia, na vya kushoto kwa silaha za kushoto. Kila Jumapili nilipopeleka mzinga upande wa kushoto, sote wawili tulijua kwa nini.

Hatukuwahi kulitaja. Yeye alisema tu, "Hapo hapo, Dada. Hapo ndipo anapopapenda."

Haya, leo.

Kabla ya kulazwa, Idrisa alikuwa amemwandikisha Mpagazi kwenye mashindano ya timu yao. Kanuni ya mashindano ni fupi: mchezaji anaweza kubadilishwa, jitu haliwezi. Asipotokea Mpagazi, timu nzima inatolewa. Akitokea, anapigana raundi tatu, na anayeshindwa raundi mbili anafutwa. Hapumzishwi wala hatengenezwi. Anafutwa na jina lake, rangi yake, kila kitu. Ndivyo gemu ilivyo. Wenyewe wanasema bila hivyo mtu hatetemeki.

Eric, nahodha wa timu, alikuja Muhima wiki mbili zilizopita kuniomba. Ni kijana aliyekulia Mwanza, Kiswahili chake kinanyooka kuliko cha mtu yeyote mtaani kwetu. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. "Dada Zaituni, ukikataa hakuna atakayekulaumu. Naapa. Ila ukikubali, tunaomba umpachike wewe mwenyewe."

Nilikubali haraka mno, kisha nikajuta siku kumi na nne.

Anayeendesha sasa ni Clarisse, binti mpole mwenye vidole virefu, mzaliwa wa Kampala, Kiswahili amekiokota hapa Kigali. Jumanne alikuja mezani kwangu, nikamtazama akicheza kwenye simu huku mimi nikifunga vifungo. Mkono wake wa kulia ni mwepesi kama cherehani iliyotiwa mafuta. Wa kushoto unafikiri kwanza.

"Sister Zai," aliniambia, "mimi naomba mzinga iko kulia. Kushoto yangu iko polepole. Nikipewa hivi Idrisa alivyokuwa naye, nitamuua, kweli."

Alikuwa sahihi. Sikupenda usahihi wake.

Nguo za Idrisa tulizigawa baada ya arobaini. Nilizifumua na kuzishona upya kwa mkono wangu, kila moja kwa kipimo cha mwili mpya, suruali kwa binamu, koti kwa jirani. Sikulia. Huwezi kumtoa mtu nje na nguo ya marehemu inayomning'inia, ni kuwaaibisha wote wawili. Lakini zilipokwisha, kitu kimoja tu duniani kilibaki katika kipimo cha Idrisa, na ndicho nilichoombwa kukifumua leo.

Niliamua Alhamisi. Nitahamisha kila kitu. Mzinga bega la kulia, bunduki mkono wa kulia, ngao kushoto. Nililala nikiwa nimeamua.

Pale ukumbini palikuwa na joto la watu na la mashine. Wapinzani wetu walitoka Muhima, kiongozi wao Fiston, mkubwa wa mwili, mkubwa zaidi wa sauti. Aliponiona mimi na Eric alianza kabla hatujaketi.

"Eeeh! Mpagazi yuko hai? Bado anatoka sokoni? Mwambieni atue kikapu, leo mimi nitamsaidia kubeba!"

Watu wakacheka. Kisha akatambua mimi ni nani, akashusha mkono wake kifuani. "Dada, pole. Mwihangane." Ndilo neno la huku la kumfariji mfiwa. Kisha akashindwa kujizuia. "Lakini kwenye gemu sina pole, eh? Pole yangu inaishia mlangoni."

Nilimwambia Fiston kwamba Idrisa angemjibu vizuri zaidi. Akasema, "Huyo? Angenitukana mpaka na viatu vyangu." Na kweli, angemtukana.

Wakanipa kiti mbele ya skrini. Dakika kumi na tano.

Siku ya mechi kupachika kunafanyika tofauti na nyumbani. Wapinzani wako chumba kimoja nawe, kwa hiyo gemu inaficha. Jitu linaonyeshwa tupu, bila silaha hata moja, na pembeni kuna visanduku sita. Unaweka silaha kwenye kisanduku, kinafungwa, hakuna kinachoonekana mpaka uwanjani. Mpagazi alikuwa amesimama katikati na mstari wake wa njano kiunoni, ananitazama usoni.

Hilo lilinishtua kidogo. Miaka yote nilimzoea kwa mgongo. Nilidhani ni mashine ya ukumbi ilivyo. Uso wake ni bamba tu lenye mpasuo wa macho, lakini nilikuwa sijawahi kuuona kwa muda mrefu namna ile, na nilijikuta nikimwambia moyoni, samahani, simama wima, hutaumia.

Nilianza na makombora madogo. Idrisa aliyaweka mgongoni kwa sababu hakupenda kuruka. Clarisse anaruka kama mbuzi. Nikayahamishia kifuani, mgongo ubaki mwepesi.

Kisha mzinga. Kidole kilinikaukia juu ya padi. Eric alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Clarisse alikuwa akikunja na kukunjua vidole. Nje ngurumo moja, mbali, upande wa uwanja wa ndege. Nilihesabu pumzi tatu. Fundi hahitaji kufikiri kulia ni wapi. Mteja anapokukabili, kulia kwake ni kushoto kwako, mikono inajua. Nikapeleka mzinga kwenye kisanduku kilichokuwa ubavuni mwa bega lake la kulia. Bunduki chini yake. Ngao upande wa pili.

Bismillah. Nikafunga.

Nilihisi wepesi wa ajabu, ule wa kumaliza kufumua mshono mrefu. Nikampa Clarisse kiti.

Mlango wa uwanja ukafunguka. Mpagazi akatoka.

Akatoka ameinama kushoto.

Mzinga begani kushoto, bunduki mkono wa kushoto, ngao kulia. Alitembea vilevile, hatua ndefu, hatua fupi, bega chini, kama mtu anayepandisha robota kilimani. Idrisa mwenyewe. Niandike ukweli, maana ndio nilioketi kuuandika: kwa pumzi moja nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikafunika mdomo. Nilimwona mdogo wangu akiingia mlangoni.

Halafu nikasikia sauti ya Clarisse, nyembamba. "Sister? Sister, iko kushoto. Vyote iko kushoto."

"Yampayinka!" Fiston akapiga kelele kwa furaha. "Kikapu hajakitua!"

Clarisse alijaribu. Kidole chake cha kushoto kilibonyeza kikichelewa, risasi zikapita mahali Fiston alipokuwa, si alipo. Mpagazi aligeuka kwa kuyumba. Aliporuka, alitua kwa ubavu. Jitu la Fiston, jeusi na pana, lilimzunguka upande wenye ngao bila haraka, likasubiri ainame, likampiga. Dakika mbili hazikutimia. Mpagazi akapiga magoti, mstari wa njano ukagusa vumbi.

Raundi ya kwanza imekwenda. Moja zaidi, na hayupo.

Sikuelewa. Niliwaambia niliweka kulia, wallahi niliweka kulia, kisanduku kilikuwa hapa, na bega lake la kulia liko hapa. Eric akashika kichwa.

"Dada, visanduku havifuati picha. Vinafuata mtu aliyekaa ndani ya jitu. Kisanduku cha kushoto ni kushoto kwake, hata akikutazama usoni."

"Mbona nyumbani sijawahi kukosea?"

Akanitazama, kisha akatazama chini. "Idrisa alikuwa anamgeuza kwanza. Kabla hajakuita. Kuna kitufe. Anamgeuza akupe mgongo ili kushoto kwenu kuwe kumoja. Alituambia ulikosea mara ya kwanza tu, akarekebisha ulipokwenda kuongeza chai." Akaivua kofia. "Akasema tusikwambie. Alisema, mwacheni, macho yake ni ya fundi, mimi nitamgeuza mteja. Nilisahau, Dada. Leo ilikuwa kazi yangu kumgeuza, nikasahau."

Hapakuwa na muda wa kulihisi hilo. Kati ya raundi na raundi kuna dakika mbili, na unaruhusiwa kuhamisha silaha moja. Moja tu. Saa nyekundu ilikuwa tayari inarudi nyuma juu ya skrini.

Eric alitaka tuhamishe bunduki. Inapiga haraka, inahitaji kidole chepesi. Clarisse alikuwa akivitazama vidole vyake. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa akijilaumu yeye, na mimi ndiye niliyemvalisha vibaya.

"Simama," nilimwambia.

"Nisimame?"

"Simama nikuone."

Akasimama. Nikamshika mabega yote mawili kama ninavyomshika mteja, nikayabonyeza kidogo. Mabega yake yalikuwa sawa, wima, hayajawahi kubeba kitu upande mmoja. Fiston akauliza kwa sauti kama tunamshonea gauni la arusi. Hakuna aliyecheka, hata wa kwao.

Kila anayeanza kushona anafanya kosa hili: koti likining'inia anaanza na mkono, anakata, anapunguza, anaharibu. Huanzi na mkono. Unaanza na bega. Bega likikaa, mengine yatajipanga. Bunduki ingempa Clarisse kidole chepesi, lakini Mpagazi angeendelea kuinama, angegeuka kwa kuchelewa, na kidole chepesi kwenye mwili unaochelewa ni bure.

Ilikuwa ni mzinga. Na mzinga ulikuwa bega la Idrisa.

Mara ya kwanza ningeweza kusema niliuweka bila kujua ninachofanya. Mara hii nilijua. Sekunde arobaini. Nilimwambia Eric, "Mgeuze." Akabonyeza kitufe, na Mpagazi akazunguka taratibu akanipa mgongo, ule mgongo ninaoujua, na ningelia palepale kama saa isingekuwa inahesabu. Niliutoa mzinga kisanduku cha kushoto. Nikauweka kulia.

Bega la kushoto likabaki tupu.

Zikiwa zimebaki sekunde sita nikafunga.

Alipotoka mara ya pili alikuwa wima. Sikuwahi kumwona wima. Alionekana mrefu, na mgeni. Mzinga kulia na bunduki kushoto vilikuwa vimepeana mizani. Alipogeuka hakuyumba. Fiston alikuja upande uleule wa mwanzo, akisubiri ainame, na Mpagazi hakuinama. Clarisse akapiga mzinga mara moja juu ya ukuta, kulia, haraka. Mara ya pili. Jitu jeusi likarudi nyuma, likajikwaa kwenye kifusi, na pigo la tatu likalimaliza.

Kelele za ukumbi nilizisikia kama ziko nyumba ya jirani.

Sare, moja kwa moja. Raundi ya mwisho, hakuna ruhusa ya kuhamisha chochote.

Fiston si mjinga. Aliacha utani. Alikwishaona kwamba ngao na mzinga viko upande mmoja na kushoto kuna bunduki tu, bila kinga. Akaja kushoto na kung'ang'ania huko. Clarisse alijaribu kumzungusha, kidole chake cha kushoto kikachelewa tena, nusu sekunde, na jitu jeusi likaukata mkono wa Mpagazi pamoja na bunduki. Mkono wa kushoto, ule wa kila Jumapili. Ulianguka mchangani ukiwa bado unapiga risasi mbili tatu hewani.

Nilisema "Idrisa" kwa sauti. Sijui kama walisikia.

Fiston akasogea mpaka kifua kwa kifua, mahali ambapo mzinga wa begani hauoni. Alijua. Alinyanyua mkono kwa pigo la mwisho. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya tepu yangu mfukoni, nimeizungusha kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi.

"Kifua," nilisema. "Clarisse, kifua!"

Alikuwa ameshabonyeza. Makombora madogo, yale niliyoyatoa mgongoni, yakatoka yote kwa pamoja mbele yake. Hayakuua. Yalilisukuma jitu jeusi nyuma, hatua tano, sita, nyuma ya ukuta mfupi. Mgongo wa Mpagazi ulikuwa mwepesi. Clarisse akamrusha nyuma, juu, akatua wima akiwa na mkono mmoja tu. Kulikuwa na umbali sasa. Kidole cha kulia cha binti yule kilishuka, bila kufikiri.

Mzinga ukapita juu ya ukuta.

Jitu jeusi likaanguka. Eric akawa amepiga magoti, na Clarisse alikuwa amenikumbatia na padi bado iko mkononi, waya umetuzunguka sote wawili. Jina la Mpagazi lilibaki kwenye orodha. La jitu la Fiston lilififia herufi kwa herufi. Alitazama mpaka ya mwisho, kisha akaja kunipa mkono. "Lile langu nilikuwa nalo miaka mitatu," alisema. Hakuwa na utani hata kidogo. Nikamwambia pole, mwihangane, na nilimaanisha. Sikujua mpaka leo kwamba neno hilo laweza kusemwa pale, na likafaa.

Kabla ya kuondoka niliomba wanifungulie tena. Anayeshinda hurudishiwa kila kitu; mkono wa kushoto ulikuwa umerudi, mzima. Mpagazi alisimama wima, na mzinga wake bega la kulia, ameniangalia usoni. Eric akanyoosha kidole kwenye kitufe. Nikamzuia.

"Nionyeshe ni kipi."

Ni kitufe kidogo cha pembeni. Nilikibonyeza mwenyewe. Akazunguka.

Mvua ilianza nilipofika stendi ya moto, pikipiki za abiria, nikaja nyumbani nimelowa, na dereva akacheka kwamba nimefunga kofia ya chuma mbele nyuma. Kumbe hilo pia nilikosea.

Sasa nimeketi. Naufikiria ule mkono wangu juu ya padi. Fundi wa miaka kumi na saba, na herufi za kulia na kushoto zimeandikwa pale kwenye visanduku, ndogo lakini zimeandikwa. Je, nilikosea, au kuna sehemu yangu iliyotaka kumwona akiingia mara moja zaidi ameinama? Nimejiuliza njia nzima. Najua tu kwamba ningempoteza kwa furaha ya pumzi moja, na ningempotezea Clarisse pia.

Na najua sasa jambo jingine, nalo ndilo lililoniketisha kuandika, si mechi.

Alinigeuzia. Jumapili mia moja, au karibu, alibonyeza kitufe kabla hajaniita, kisha akasema njoo, Dada, umpime mteja, na mimi nikaja na kikombe changu nikijiona fundi. Kidole cha kukibonyezea ni kile chake kigumu, nilichokitoboa mimi. Kitufe kiko upande wa kulia wa padi. Lazima alikibonyeza kwa kiganja, au kwa kidole kingine, kila mara, na sikuona.

Jumanne Clarisse anakuja Muhima. Tutampima Mpagazi upya, kwa mwili wa Clarisse, na mkono wa kushoto tutautafutia kinga. Nitamgeuza mwenyewe.

Lakini mdogo wangu, ni mangapi mengine uliyonigeuzia, nikadhani naona?